Uvimbe wa figo kwa mtoto: tusikimbilie kisu, tusipoteze miezi

Nilimkuta kwenye benchi mbele ya jengo la upasuaji, katika hospitali moja ya hapa Butembo. Mtoto wake wa kiume, miaka mitatu, alikuwa amelala mapajani mwake, tumbo limejaa upande wa kushoto kama vile mtu amemfichia mpira chini ya shati. Mimi nilikuja kwa habari nyingine kabisa: kuwauliza watu waliojeruhiwa usiku kwenye barabara ya Beni. Mama akaona daftari langu, akaniita.

"Kaka, wewe ni mwandishi wa habari? Basi waulize hawa waganga sababu gani wanakataa kumpasua mtoto wangu."

Akanieleza. Siku moja alipokuwa akimwogesha mtoto aligusa kitu kigumu chini ya mbavu. Mtoto hakulia, alikuwa anacheza na kula kama kawaida. Jirani akasema ni bandama ya malaria. Kwenye kituo cha afya wakampa dawa ya malaria, na baadaye dawa ya minyoo. Kisha wakaenda kwenye chumba cha maombi, wakakaa huko majuma matatu. Mwezi wa nne mkojo ukatoka mwekundu, ndipo wakaja mjini kufanya ekografi. Daktari akawaambia kwamba ni kansa ya figo, tena imekwisha kuingia ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Akasema hawezi kukata leo.

Mama alisikia neno moja tu: hawezi. Na kwa mzazi aliyekwisha kuuza mbuzi wake wote, neno hilo lina maana mbili: ama hospitali haina uwezo, ama inangoja makuta.

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu hapo, kwa waganga na katika vitabu, na leo ninaliandika kwa sababu mama yule hakuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi lile wala hatakuwa wa mwisho. Jibu lenyewe ni hili: kansa hii ya watoto, hata inapoingia kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi inatibika. Kisu kina sehemu yake katika tiba hiyo, lakini kinakuja baada ya majuma ya dawa, na dawa zinafanya kazi vizuri mtoto anapoletwa mapema. Kuwahi na dawa: hayo mawili Butembo na Beni tunaweza kujipatia, tukikubali kuyatafuta pamoja.

Kansa inayotambaa ndani ya mshipa

Waganga wanaiita uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeuandika katika kitabu chake cha mwaka 1899. Ndiyo kansa ya figo inayoonekana zaidi kwa watoto, na inawakamata hasa walio chini ya miaka mitano. Si ugonjwa wa kila siku: ni kama mtoto mmoja katika watoto 10,000. Ndiyo maana muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na siku unapofika mbele yake asiutambue.

Kila figo ina mshipa wake wa kutoa damu. Mishipa hiyo miwili inamwaga damu katika mshipa mmoja mkubwa, ambao waganga wanauita vena kava ya chini. Mshipa huo unapanda kando ya uti wa mgongo, unapita nyuma ya ini na kuingia moyoni. Fikiria kijito kinachomwaga maji katika mto. Uvimbe wa Wilms unaweza kuota kama ulimi, ukafuata kijito hadi mtoni, kisha ukapanda pamoja na mkondo. Kwa watoto kati ya 4 na 10 katika kila 100 wenye kansa hii, ulimi huo unafika ndani ya vena kava. Kwa wachache sana, kama mmoja katika 100, unafika hadi ndani ya moyo wenyewe.

Mara nyingi ulimi huo haujashikamana na ukuta wa mshipa. Unaelea ndani ya damu. Hapo ndipo ilipo hatari. Daktari akiishika figo kwa nguvu wakati wa kuitoa, kipande kinaweza kukatika, kikachukuliwa na damu, kikaenda kuziba mapafu. Mtoto anakufa mezani katika dakika chache. Na vena kava ikifunguliwa bila kubanwa vizuri chini na juu, damu inamwagika kama maji ya bomba lililopasuka. Mtoto wa kilo 12 hana hata lita moja ya damu katika mwili wake wote. Kiasi ambacho mtu mzima anaweza kupoteza na kubaki hai, kwake ni mwisho.

Kuna hatari ya tatu, isiyoonekana siku ile ile. Uvimbe wenyewe ni laini. Ukipasuka tumboni wakati wa kuutoa, kansa inamwagika ndani, na ugonjwa uliokuwa wa dawa chache unakuwa ugonjwa wa dawa nyingi na wa mionzi. Sisi hapa hatuna mashine ya mionzi, si Butembo wala Beni.

Daktari aliyekataa alikuwa na haki

Kwa miaka mingi waganga wa kansa ya watoto wa Ulaya na wa Amerika wamebishana juu ya uvimbe huu. Wa Ulaya wanatanguliza dawa kwa karibu kila mtoto. Wa Amerika, pale inapowezekana, wanatanguliza kisu. Lakini juu ya mtoto ambaye ulimi umepanda katika vena kava hadi nyuma ya ini au kupita hapo, ubishi huo unakwisha. Wote wanasema: dawa kwanza.

Dawa zenyewe si za ajabu. Ni vinkristini, sindano moja kila juma, pamoja na aktinomisini D. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye mapafu, wanaongeza ya tatu, doksorubisini. Zinatolewa kwa majuma manne hadi sita kabla ya upasuaji. Zote tatu zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, yaani dawa ambazo nchi yoyote, hata maskini, inapaswa kuwa nazo.

Kwa watoto wengi, uvimbe unapungua na hauwi tena mwepesi wa kupasuka. Ulimi nao unarudi nyuma. Uliokuwa karibu na moyo unaweza kushuka chini ya ini. Uliokuwa ndani ya vena kava unaweza kurudi hadi mlangoni mwa mshipa wa figo. Angalia sasa tofauti yake. Ulimi ukiwa ndani ya moyo, upasuaji unadai mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anakata. Mashine ya namna hiyo kwetu ni ndoto. Ulimi ukishuka chini ya ini, kazi inabaki ndani ya tumbo. Bado ni kazi ngumu, lakini daktari mpasuaji mwenye mafunzo, mtaalamu mzuri wa usingizi na chupa za damu za kutosha wanaweza kuifanya.

Daktari anafungua tumbo kwa upana. Anapapasa mshipa kwa vidole taratibu ajue ulimi unaishia wapi. Anauzungushia vena kava kamba laini chini na juu ya ulimi, na mshipa wa figo ya pili pia, ili azikaze wakati unapofika. Anafungua mshipa kidogo, anautoa ulimi mzima pamoja na figo iliyougua, kisha anashona mshipa kwa uzi mwembamba kama unywele. Mtoto anabaki na figo moja, na figo moja nzima inatosha kumlea mtu hadi uzee.

Kwa hiyo daktari yule wa hospitali yetu, aliyesema "siwezi kukata leo", alifanya alichopaswa kufanya. Ninajua kwetu tunamsifu mganga anayethubutu. Tunasimulia majina ya wale waliofungua tumbo wakati wengine waliogopa. Lakini katika ugonjwa huu kukataa kukata siku ya kwanza ni ujuzi. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakumweleza mama kwa lugha inayoeleweka kwamba "leo" ilimaanisha "baada ya majuma sita ya dawa".

Tena wazo hili la kisu kusubiri dawa lina historia karibu na kwetu. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto wa Uganda, na leo ugonjwa huo unabeba jina lake. Yeye mwenyewe, mtu wa kisu, aliona kwamba kisu hakiwezi uvimbe ule, na kwamba dawa zinaweza kuuyeyusha. Kazi hiyo ya Mulago ndiyo iliyozaa Taasisi ya Kansa ya Uganda mwaka 1967.

Miezi inapotea wapi

Katika nchi tajiri, watoto kama tisa kati ya kumi wenye uvimbe wa Wilms wanapona. Watoto wao hawana damu tofauti na ya wetu. Tofauti iko katika siku ambazo mtoto anapitia kati ya mkono wa mama uliogusa tumbo na sindano ya kwanza, na katika kile kinachotokea baada ya sindano hiyo.

Siku za kwanza zinapotea kwenye neno bandama. Kwetu malaria ni ya kila nyumba, na bandama iliyovimba ni jambo la kawaida. Lakini bandama na figo si kitu kimoja, na ekografi ya dakika kumi inaweza kuzitenganisha. Siku nyingine zinapotea kwa sababu mtoto haonyeshi maumivu. Mtoto asiyelia hapelekwi hospitali. Nyingine zinapotea katika kuhangaika: kituo cha afya, duka la dawa, mganga wa mizizi, chumba cha maombi, tena kituo cha afya. Sisemi watu wasiombe. Ninasema maombi hayakatazi ekografi.

Halafu kuna upotevu wa pili, ule unaoniuma zaidi, kwa sababu mtoto anapotea akiwa amekwisha kuanza kupona.

Mtoto wa yule mama walimpeleka Kampala. Wajomba walichanga, baba akauza kiwanja. Baada ya majuma mawili ya dawa baba alinipigia simu kwa furaha: tumbo limepungua, mtoto anakimbia uani. Juma la tatu hakupiga. Juma la tano nilimpigia mimi. Walikuwa wamekwisha kurudi Butembo. Pesa za chumba na za chakula zilikwisha, na mama alikuwa ameacha watoto wengine wanne kwa jirani. Isitoshe, tumbo lilikuwa limeshuka, basi wakaona mtoto amepona. Uvimbe ulirudi kabla ya miezi miwili. Hakufika tena kwenye meza ya upasuaji. Tulimzika.

Hakufa kwa sababu mshipa wake ulikuwa mgumu kupasuliwa. Alikufa kwa sababu ya kodi ya chumba.

Yeye si peke yake, na jambo hili limepimwa. Hospitali kadhaa za Afrika, zikiwemo za Malawi, Kameruni na Ghana, ziliungana kutibu uvimbe wa Wilms kwa mpango mmoja: dawa zile zile, majuma yale yale, upasuaji ukiwa na tarehe, na msaada wa nauli, malazi na chakula kwa familia. Kabla ya hapo, watoto 23 katika 100 walikuwa wanaacha tiba katikati. Baada ya kuungana, idadi ikashuka hadi 12. Waliomaliza tiba wakiwa hai bila dalili ya kansa wakapanda kutoka 52 katika 100 hadi karibu 68. Hawakuleta mashine mpya ya miujiza. Walipanga kazi, na walilipa nauli.

Kampala ni msaada, haiwezi kuwa mpango wetu wote

Wengi wanasema: kwa nini tujisumbue, si kuna Kampala? Ninaishukuru Kampala. Watu wetu wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini tupime njia yenyewe. Kutoka Butembo hadi Beni ni zaidi ya kilomita 50. Kutoka Beni hadi Kasindi ni kama 80, kwenye barabara ambayo kila mmoja wetu anajua majina ya watu waliouawa humo. Baada ya mpaka kuna karibu kilomita 400 nyingine. Hayo ni mara moja. Tiba hii inadai kurudi juma baada ya juma, na baada ya upasuaji dawa zinaendelea kwa miezi.

Njia ya kusini imefungwa zaidi. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, mgonjwa wa Butembo hawezi tena kuitegemea kama zamani. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na familia ya mkulima wa Lubero haina tiketi hiyo.

Kisha tukumbuke mwaka 2016, wakati mashine moja tu ya mionzi ya Mulago ilipoharibika kabisa. Uganda nzima, pamoja na majirani waliokuwa wanakwenda kule, ilikaa bila mionzi hadi mashine mpya ilipoanza kazi mwaka 2018. Jirani mwema naye anaweza kuugua. Mtu hajengi nyumba yake yote juu ya kiwanja cha jirani.

Kampala iwe mahali pa kupeleka wachache ambao ulimi wao umebaki karibu na moyo hata baada ya dawa, kwa kuwa kule Mulago kuna Taasisi ya Moyo inayofanya upasuaji wa moyo. Wapelekwe na barua, na picha, na tarehe iliyokubaliwa kwa simu. Wengine waanze dawa hapa, karibu na nyumbani, mahali ambapo mama anaweza kulala kwake na kurudi Jumatatu.

Tunachoweza kufanya hapa

Siombi tujengewe hospitali kubwa ya kansa. Ninaomba mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wa miji miwili hii.

Kwanza, zoni zetu za afya ziwape wauguzi kanuni moja fupi: mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano mwenye kitu kigumu tumboni, au mkojo wenye damu, afanyiwe ekografi juma hilo hilo. Tumbo lisipapaswe na kila mtu anayepita, kwa maana kuliminya mara kwa mara kunaweza kupasua uvimbe. Na anayefanya ekografi asitazame figo tu; atazame pia mshipa wa figo na vena kava, aandike ulimi umefika wapi. Mstari huo mmoja kwenye karatasi unaweza kumzuia mpasuaji asiingie gizani.

Pili, Butembo na Beni wachague timu moja. Leo kila hospitali inajaribu peke yake. Moja inaona mtoto mmoja kwa mwaka, nyingine wawili, na hakuna anayezoea. Ugonjwa wa nadra hauwezi kufundishwa kwa kugawanywa. Tuna Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye kitivo cha udaktari. Tuna hospitali za serikali na za makanisa. Wakae meza moja, wachague nani anatoa dawa, nani anapasua, nani anaweka daftari la wagonjwa. Wauguzi wachache wafundishwe vizuri kutoa vinkristini, maana ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama, na ikichomwa mgongoni kwa makosa inaua. Lugha si kizuizi: kundi la waganga wa kansa ya watoto wa Ufaransa na Afrika, lililoundwa mwaka 2000, lilianza kazi yake na magonjwa mawili, Burkitt na Wilms, na linafundisha kwa Kifaransa.

Tatu, damu. Upasuaji wa vena kava bila damu iliyokwisha kupimwa na kuwekwa tayari ni kucheza na maisha. Tunajua desturi yetu: jamaa wanaanza kutafuta watu wa kutoa damu wakati mgonjwa amekwisha kulazwa mezani. Tarehe ya upasuaji ikijulikana majuma sita mapema, kwaya moja tu ya parokia au kundi moja la waendesha pikipiki linaweza kujaza hitaji la mtoto mmoja.

Nne, mfuko wa njia. Usiwe wa kulipia mashine. Uwe wa kulipia chumba, chakula na nauli kwa majuma sita, na dawa zisikatike. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Tunajua kuchangishana, kila mtaa una AVEC na likilimba. Hatuwezi kuchanga kwa ajili ya watoto wachache wa mwaka mmoja? Serikali ya jimbo isijifiche nyuma ya michango yetu, nayo iweke fungu lake, hasa kwa dawa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kansa za watoto, lengo likiwa angalau watoto 60 katika 100 wapone ifikapo 2030, na uvimbe wa Wilms ni mmoja kati ya kansa sita zilizotajwa kwa jina. Mwaka 2030 hauko mbali.

Tano, mtu mmoja mwenye simu. Kila familia inayoanza dawa iwe na mtu wa kuipigia siku isipofika. Asipige kwa kugomba. Apige kuuliza imekwama wapi. Kama mtu huyo angekuwapo, juma la tatu angalijua kwamba baba yule anahesabu franka za mwisho.

"Na vita je?"

Najua jibu nitakalopewa. Watu wanauawa Beni na Lubero, malaria inamaliza watoto, surua inarudi kila mara, na mwandishi huyu anatuletea kansa ya mtoto mmoja katika 10,000.

Ninajibu hivi. Ekografi inayoona figo ndiyo inayoona mimba iliyokaa vibaya. Damu inayowekwa tayari kwa vena kava ndiyo itakayomwokoa mama anayetoka damu baada ya kuzaa, na kijana aliyepigwa risasi barabarani. Mtaalamu wa usingizi anayeweza kumlaza mtoto wa kilo 12 salama ataweza kumlaza yeyote. Hakuna franka moja hapa itakayotumika kwa kansa peke yake.

Na kuhusu vita, sisi tulikwisha kuona hospitali ikiendelea ndani ya vita. Mwaka 2002, Nyankunde iliposhambuliwa, waganga na wauguzi wake walikimbia pamoja na wagonjwa hadi Oicha na Beni, na kazi ikaendelea huku. Kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu 2,287 katika eneo letu. Wakati huo tulisikia kila siku kwamba jambo hili au lile haliwezekani kwetu. Hata hivyo zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa chanjo inayodai baridi ya chini ya nyuzi 60 chini ya sifuri, katika vijiji visivyo na umeme. Iliwezekana kwa sababu ulimwengu uliogopa. Uvimbe wa figo hauambukizi, haumwogopeshi mtu wa Geneva, wala hautaletewa ndege. Ukingoja tuogopwe, utangoja sana. Lazima sisi wenyewe tuwe ndio tunaohangaika.

Ebola ilitufundisha pia upande mwingine. Watu walichoma vituo vya matibabu kwa sababu walitibiwa kabla ya kuelezwa. Daktari anayesema "siwezi" bila kueleza anapanda mbegu ile ile. Nusu saa ya maneno, kwa Kiswahili au kwa Kinande, pamoja na mchoro wa mto na kijito kwenye karatasi, ni sehemu ya tiba.

Kwa wazazi

Akina mama, akina baba, shangazi na bibi mnaoogesha watoto: mkono wenu ndio ekografi ya kwanza. Mkigusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo, msikingoje kiume. Msikubali kukisukasuka wala kukikanda kwa mafuta. Nendeni juma hilo hilo, na mkiambiwa bandama, ombeni picha.

Daktari akisema dawa kwanza na kisu baadaye, muulizeni: majuma mangapi, na tarehe gani ya kupasua? Andikeni tarehe hiyo ukutani. Tumbo likishuka, msirudi nyumbani. Kushuka kwa tumbo kunaonyesha kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba sasa ndiyo saa ya mpasuaji. Pesa zikikwisha, semeni mapema, kanisani, kwenye likilimba, hata kwa mwandishi wa habari. Hakuna aibu katika kuomba nauli ya mtoto.

Yule mama bado anauza mboga karibu na soko. Tukikutana ananisalimu, nami namsalimu. Hajaniuliza tena swali lile la benchi. Nimeliandika hapa ili wale wenye uwezo wa kukaa kwenye meza moja, katika miji yetu miwili, walijibu kabla mama mwingine hajaliuliza.